Mgunda Mkali wa kifuani kwa shemeji

Kuna maradhi ambayo Mbongo hayapi heshima hata kidogo, na namba moja ni kiungulia. Sema una malaria, utaletewa supu. Sema una presha, utasogezewa kiti. Lakini we jaribu kusema mbele za watu "jamani nina kiungulia", uone! Utaulizwa mimba ina miezi mingapi. Utaambiwa mtoto atazaliwa na nywele nyingi. Watu watacheka na wewe utacheka nao, huku kile kimoto kinapanda zake taratibu kutoka chembe ya moyo kuja kooni.

Wiki hii nakupeleka Tabora, msomaji wangu, kwa njia ile ile ya misafara ya zamani, na mwenzangu wa safari ni mtu ambaye kiungulia kilishamfanya mtumwa. Ni shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa. Jina nalificha maana ana wateja. Ni fundi cherehani pale Kariakoo, Mzaramo wa Kisarawe, miaka arobaini na moja, mtu wa maneno mengi na vicheko. Sisi upande wetu ni Wanyamwezi wa Tabora mjini, mtaa wa Ng'ambo. Hapo umeshanielewa: Mzaramo anakwenda ukweni kwa Wanyamwezi, watani wake wa jadi! Wazee husema utani huu ulizaliwa njiani, enzi hizo Wanyamwezi wanashuka pwani na pembe za ndovu mabegani, wanakatiza Uzaramo, wanagombana, wanapatana, mpaka ikafika mahali wanataniana hata msibani.

Ilikuwa mwishoni mwa Novemba. Tukapanda treni ya Reli ya Kati, ile ya zamani, daraja la pili kulala, watu sita chumba kimoja. Najua utaniuliza kwa nini tusipande treni ya umeme, ambayo tangu 2024 inamfikisha mtu Dodoma kabla hajamaliza hadithi na jirani yake. Ni kweli, lakini wakati huo ilikuwa inaishia Dodoma, na sisi tulikuwa na cherehani nzima na meza yake ya chuma, zawadi ya mama mkwe. Cherehani na kushuka kupanda haviendani.

Shemeji alikula chipsi mayai kabla hatujaondoka, akashushia na soda. Tukapiga soga mpaka Ruvu, watu wakaanza kusinzia. Saa saba za usiku, tumeshapita Morogoro, nikashtuka. Treni inayumba, taa hafifu, na shemeji amekaa kitako pale kitanda cha chini, mgongo ukutani, mkono kifuani, anameza mate kama mtu anayemeza kidonge.

"Shem, vipi?"

"Lala tu shem. Mi nimezoea."

Basi usiku ule, katikati ya Kilosa na Gulwe, nikasimuliwa mambo ambayo dada yangu mwenyewe alikuwa hajawahi kuyasema nyumbani. Mwaka wa pili ule shemeji alikuwa halali kitandani. Akijinyoosha tu, dakika kumi, maji makali yanamjia mdomoni, anaamka anakohoa kama kapaliwa na pilipili. Kwa hiyo alikuwa analala kwenye kochi la sebuleni, amekaa, mto nyuma ya shingo. Dada yuko chumbani peke yake. Hawajagombana hata siku moja, lakini nyumba za kupanga unazijua, ukuta ni mmoja na masikio ni ya wote. Wapangaji walishaanza kunong'ona kwamba bwana kafukuzwa chumbani.

Kahawa ya barazani kaacha, na pamoja na kahawa kawaacha wale wazee aliokuwa akicheza nao bao. Pilau kaacha, kwa hiyo harusi haendi, anatuma mchango. Lakini kilichomuuma kuliko vyote ni sauti. Shemeji alikuwa muadhini wa alfajiri kwenye msikiti wa mtaani kwao, sauti nyororo hiyo, watu walikuwa wakimtambua wakiwa vitandani. Tindikali ikipanda usiku inaunguza mpaka kwenye sanduku la sauti, asubuhi mtu anaamka anakwaruza kama redio yenye betri kuukuu. Akajaribu mara kadhaa, vijana wakawa wanacheka huko nyuma, mwisho akamwachia kijana mwingine.

Halafu kuna matibabu yenyewe, we acha tu! Duka moja la dawa walimpa magnesi, akawa anazitafuna kama karanga. Duka lingine, kusikia tu kifua kinauma, wakampa diklofenaki, ile wenyewe mnaiita diclopa, dawa ya maumivu ambayo tumbo lenye matatizo haliitaki kabisa. Jirani akamtisha kwamba ni moyo, akapimwa moyo, ukaonekana mzima. Mganga mmoja akamwambia katupiwa kitu na fundi mwenzake mwenye kijicho. Fundi mwenyewe, masikini ya Mungu, ndo aliyekuwa akimshonea oda zake siku akiwa hajalala!

Tulipofika Dodoma jua lilikuwa limeshachomoza, watu wananunua zabibu. Tukapita Bahi, treni ikaenda kwa kujivutavuta kuufuata ule ukuta wa Bonde la Ufa, na kwenye njia hiyo ndo Saranda. Aliyewahi kusafiri na reli hii haelezwi habari za Saranda. Treni haijasimama sawasawa akina mama wameshajaa madirishani: kuku wa kukaanga, wali kwenye mifuko, viazi, mayai, chai. Mafuta yanang'aa mpaka mkononi. Behewa zima lilikuwa linatafuna. Shemeji akanunua yai moja la kuchemsha na ndizi mbili, akageukia dirisha la upande wa pili, upande ambao hauna wauzaji. Mtu mzima, hela anayo, kuku yupo mbele yake, na anamwogopa kuku!

Ukitoka Manyoni kuelekea Itigi unaingia kwenye vichaka ambavyo havina mwisho. Misafara ilipaita Mgunda Mkali, yaani shamba kali, shamba la moto. Mgunda kwa Mzaramo pia ni shamba, kwa hiyo sikuhitaji kumtafsiria. Kati ya Ugogo na Tura, mlango wa Unyamwezi, maji yalikuwa ya kubahatisha. Wapagazi walijaza vibuyu, na safari iliyozoeleka kuanza alfajiri na kuisha kabla ya jua kuwa kali iliongezewa kipande cha jioni, kiangozi anapiga ngoma, twende, atakayebaki atakufa kiu. Mzigo wa mtu mmoja ulikuwa kama kilo 30. Chakula chao kiliitwa posho, kibaba kimoja cha nafaka kwa siku. Leo posho ni ya semina na waheshimiwa, lakini neno lilianzia huko.

Nikamwambia shemeji, mpagazi alikuwa anatembea siku nzima, anakula kibaba, hana mkanda wa kubana kiuno. Wewe unainama kwenye cherehani kuanzia saa mbili asubuhi, mkanda umekaza, kitambi kimekaa juu ya mkanda, mchana umeshiba chipsi, usiku unakula saa nne ukirudi Mbagala, saa tano unajilaza. Akacheka, kwa mara ya kwanza tangu Dar. "Kwa hiyo Mgunda Mkali nimeuhamishia kifuani," akasema. Jina likabaki hilo hilo mpaka mwisho wa safari.

Tabora tuliingia usiku. Reli ilifika mji huu mwaka 1912, miaka miwili baadaye ikafika Kigoma, na stesheni mpaka leo ndo njia panda: hapa treni zinagawanyika, nyingine Mwanza, nyingine Kigoma, nyingine Mpanda. Kabla ya reli paliitwa Kazeh na wageni, na Richard Burton alipoingia hapa na John Speke tarehe 7 Novemba 1857 alikuwa amehesabu siku 134 tangu aondoke pwani. Sisi siku moja na ushee, na tulishaanza kulalamika.

Mji umekaa kimiembe miembe. Miti iliyofuatana na njia ya misafara kuanzia Bagamoyo hadi Ujiji imejaa na hapa, na Novemba maembe yameanza kuiva, watoto wanarusha mawe, mabati yanalia. Ni mji wa baiskeli, wa asali, wa tumbaku, wa wazee wanaosalimia mpaka wamalize ukoo wako wote. Ukipita mtu bila kusema "mwangaluka" asubuhi, ujue jioni habari zako zimeshafika kwa shangazi.

Sasa njoo ukweni. Mama alikuwa amechinja jogoo wa kienyeji, akampika na karanga, ugali umefura kama mlima, nsansa pembeni, na maembe mabichi yenye chumvi na pilipili kwa ajili ya kuchangamsha kinywa. Saa ilikuwa tatu na nusu usiku. Firigisi ikawekwa upande wa mkwe, kwa heshima. Mkwe wa Kinyamwezi hamwangalii mama mkwe usoni, hamjibu ovyo, na chakula cha mama mkwe hakisusiwi. Nilimwona shemeji anaitazama ile sahani kama mtu anayesomewa hukumu. Akala. Akala firigisi, akala paja, akaongezewa kwa nguvu na wajomba ("Mzaramo huyu, kazoea nazi na dagaa, mpe kuku ajue kwamba kafika!"), akaongezewa tena.

Saa tisa za usiku alikuwa nje, chini ya mwembe, ameinama, anatapika yale maji ya uchungu. Mama ana usingizi wa kuku. Akasikia.

Asubuhi nyumba ilikuwa kimya namna ambayo siipendi. Mama hakuuliza kitu, hawezi, yule ni mkwewe. Lakini nilimkuta jikoni anaosha kile chungu mara ya tatu, na shangazi akanivuta pembeni. "Chakula chetu kimemfanyaje mgeni? Au dada yako kaolewa na mtu anayetuona sisi wachafu?" Mbaya zaidi, jirani alishasikia, na jirani akisikia ujue kabla ya adhuhuri soko zima linajua kwamba mkwe wa fulani kalishwa kitu ukweni.

Nikamchukua shemeji tukaenda zahanati. Daktari alikuwa kijana tu, mpole, na alichofanya kwanza ni kuuliza. Maumivu yanakuja lini? Baada ya kula au ukiwa na njaa? Ukilala au ukitembea? Yanapanda kuja kooni au yanakwenda bega na mkono wa kushoto, na kijasho chembamba? Akaeleza kwa nini anauliza: kifua cha kubana kinachokuja ukipanda ngazi, kinachokwenda taya au mkono, na jasho na kuhema, hicho si cha kusubiri wala kutafuna magnesi, ni cha kukimbizwa hospitali sasa hivi. Akauliza kama chakula kinakwama wakati wa kumeza, kama kapungua mwili bila sababu, kama ameshatapika damu au kupata choo cheusi kama lami. Yote hapana. Angesema ndiyo hata moja, alisema, angempeleka moja kwa moja akaingiziwe mpira wenye kamera kuangalia njia ya chakula, maana ukanda wetu huu wa Afrika Mashariki unasumbuliwa na saratani ya umio, na mtu anayekwamwa na ugali hapaswi kuambiwa anywe maziwa.

Halafu akatoa karatasi ya maswali. Kumbe wenzetu wameshaliona hili! Tangu 1996 kuna maswali kama kumi ambayo madaktari hutumia kupima kiungulia kimemharibia mtu maisha kiasi gani, kila swali alama 0 mpaka 5. Kinakusumbua ukilala? Ukisimama? Baada ya kula? Kimekubadilishia chakula? Kinakuamsha usiku? Tumbo linajaa gesi? Dawa unazokunywa zenyewe zinakusumbua maisha? Shemeji alikuwa anajibu tano, nne, tano, tano, kama mwalimu anayesoma matokeo. Mimi nilikuwa nimekaa pale nikigundua kwamba karatasi hiyo haina swali la ukweni, wala la muadhini, wala la mke anayelala peke yake. Alama 5 za kuamka usiku zinabeba yote hayo ndani yake.

Na si yeye peke yake. Ukikusanya tafiti za nchi mbalimbali, watu wazima kama 13 kati ya 100 wanapata kiungulia angalau mara moja kwa wiki. Hesabu mwenyewe daladala moja iliyojaa, wangapi hao wamekaa kimya!

Maelezo ya daktari nitakupa kwa lugha ya mtaani. Tumbo linatengeneza tindikali kali, nalo lina ngozi yake ya kujikinga. Umio, ile njia ya kushushia chakula, hauna. Kati yao kuna mlango, msuli wa mviringo, unafunguka chakula kikishuka, unajifunga. Kwa wenye kiungulia mlango huo unalegea ovyo. Mafuta mengi yanafanya chakula kikawie tumboni. Kitambi na mkanda vinaminya tumbo kutoka nje. Sigara na pombe vinaulegeza mlango. Na ukilala chali baada ya kushiba, umeondoa msaada wa mwisho uliobaki, yaani uzito wa kitu kushuka chini, kwa hiyo tindikali inatembea itakavyo. Usingizini humezi mate, na mate ndo yangeisafisha.

"Kahawa je?" shemeji akauliza kwa unyonge.

Daktari akasema kahawa inawasha baadhi ya watu na wengine haiwafanyi kitu. Aache wiki mbili, airudishe kikombe kimoja, ajisikilize. Hilo nililipenda. Mara nyingi mgonjwa wa tumbo anapigwa marufuku kila kitu mpaka anabaki na maji na uji, kisha watu wanashangaa kwa nini kakonda na kanuna. Maziwa je? Yanatuliza dakika chache, halafu tumbo linaamka kutengeneza tindikali nyingine. Magadi na ile soda ya maandazi, hivyo hivyo, vinazima moto kidogo na kuleta gesi na chumvi. Asali ya Tabora, ambayo kila bibi hapa atakuapia inaponya kila kitu, ni tamu kwelikweli, na daktari mwenyewe alikuwa na chupa mezani, lakini alisema mlango uliolegea haufungwi na asali.

Akampa omeprazoli, kidonge kimoja nusu saa kabla ya chai ya asubuhi, wiki nane, kisha arudi aonekane na daktari huko Dar. Diclopa ni marufuku. Chakula cha usiku kiishe saa tatu kabla ya kulala. Kitanda kiinuliwe upande wa kichwa, sentimita 15 mpaka 20, miguu ya kitanda yenyewe iinuliwe, si kurundika mito, maana mito inakunja kiuno na kulibana tumbo zaidi. Na alalie ubavu wa kushoto, kwa sababu tumbo lilivyopinda, upande huo tindikali inabaki chini ya mlango. Hapo shemeji akasita. Tangu madrasa kafundishwa ubavu wa kulia. Baadaye alimuuliza mjomba wetu mmoja mwenye elimu ya dini, mzee akamjibu kwa kifupi kwamba mgonjwa ana nafasi yake, akaendelea kunywa kahawa.

Lakini omeprazoli haitibu aibu, na kule nyumbani mama bado alikuwa na kile chungu. Shemeji hakutaka kusema. "Nitamwambiaje mama mkwe mambo ya kutapika? Si heshima." Kwa hiyo siku ile tukazunguka, tukapanda pikipiki mpaka Kwihara, kilomita chache nje ya mji, kwenye ile tembe ya udongo mwekundu aliyokaa David Livingstone. Waliingia hapo na Stanley Februari 1872 wakitoka Ujiji. Stanley akaondoka Machi kurudi pwani, mzee akabaki akisubiri wapagazi mpaka Agosti 25. Mahali pametulia, milango ya nakshi, miembe, kunguru wawili.

Huyo Stanley, msomaji, ana kisa kinachotuhusu. Miaka kumi na sita baadaye, kwenye safari yake ya kumtafuta Emin Pasha, alishikwa na ugonjwa wa tumbo pale Fort Bodo, kwenye msitu wa Ituri huko Kongo, mwanzoni mwa 1888, mpaka daktari wake Parke akawa na wasiwasi naye. Wao waliuita uvimbe wa ukuta wa tumbo, si kiungulia hiki hiki cha shemeji, lakini ni majirani wa nyumba moja. Haukumwacha. Siku ya harusi yake, tarehe 12 Julai 1890, Westminster Abbey, London, watu wamejaa, bwana harusi aliyevuka Afrika nzima alikuwa hawezi kusimama sawasawa, akawekewa kiti. Picha za ushujaa wake zipo tele, za kile kiti hazipendwi kuonyeshwa.

Shemeji alikaa kizingitini pale tembe akasikiliza kisa hicho chote. "Kwa hiyo yule mkewe alijua tangu siku ya kwanza," akasema. Nikamwambia ndiyo, alijua, na aliolewa naye hivyo hivyo. Akanyamaza kidogo, halafu akaniambia: "Haya, kamwambie shangazi. Shangazi amwambie mama."

Ndo njia yenyewe. Ukweni jambo zito halipigwi moja kwa moja, linapitia kwa mtu. Nilimweleza shangazi jikoni, nikamwonyesha na vidonge. Shangazi alisikiliza mpaka mwisho, akapiga kofi moja la kushangaa, akaingia chumbani kwa mama. Sikusikia walichoongea. Nilisikia kicheko, kisha kimya, kisha mama akasema kwa sauti ya kusikika makusudi mpaka uani, "Kumbe! Na marehemu baba yao alikuwa hivyo hivyo, alikuwa anakula udongo usiku kucha!"

Alasiri nikamkuta mama ameinama kwenye tofali za banda la kuku, anazichagua, anazigonga kusikia kama zimeiva. Tofali mbili zikaingia chini ya miguu ya kitanda cha wageni. Chakula cha usiku kikahamishiwa saa kumi na mbili kasoro, kabla ya magharibi, na nyumba nzima ikalazimika kula saa hiyo, wajomba wananung'unika kwamba Mzaramo kawageuza kuku wa kulala na jua. Wakampachika jina, Bwana Tofali. Hapo ndipo utani wa Kinyamwezi unapoonyesha faida yake, maana kitu kikishataniwa hadharani hakina tena mahali pa kujificha. Jirani naye akapelekewa habari rasmi. Akajibu kwamba hata yeye anasumbuliwa, na hizo dawa zinaitwaje?

Usiku wa kwanza shemeji aliamka mara moja. Usiku wa tatu hakuamka. Nikukumbushe tu, dawa yenyewe inahitaji siku kadhaa ishike, kwa hiyo usimtupie sifa zote. Ile saa kumi na mbili kasoro na zile tofali zilifanya kazi yao, na kutembea kwenda sokoni baada ya kula badala ya kujinyoosha mkekani. Kuswali pia kulimrahisikia, maana zamani akisujudu na tumbo limejaa kila kitu kilikuwa kinarudi mdomoni. Sasa chakula kina muda wa kushuka kabla ya isha.

Kutoka Tabora tulikuwa turudi Dar, lakini mtu aliyelala usiku mzima ana mipango. Shemeji akasema hawezi kufika nusu ya njia ya misafara akaiacha, twende Ujiji. Tukapanda treni ya Kigoma. Ujiji yenyewe iko jirani tu na Kigoma mjini, vumbi jekundu, baraza za kahawa, misikiti, na pale penye kumbukumbu ya Livingstone na Stanley pana miembe inayosemekana ni uzao wa ule mwembe wenyewe wa 1871. Ziwa limejitoa nyuma, zamani maji yalikuwa karibu zaidi na mahali hapo.

Kula huko ni migebuka, na migebuka ya kweli inaogelea kwenye mawese. Shemeji akamwambia mama ntilie bila kupepesa macho, "Dada, mimi nina kiungulia, nichomee tu na ndimu usiweke." Watu wawili kwenye benchi wakacheka. Wa tatu hakucheka, akauliza anatumia dawa gani.

Sauti bado. Daktari alishasema kwamba koo linachukua miezi, si siku, na alfajiri ile ya Ujiji shemeji alijaribu kidogo kidogo akiwa peke yake uani kwa wenyeji wetu, ikakatika mstari wa pili. Hakusema kitu, akaenda kutawadha.

Mchana dada akapiga simu. Hakuuliza habari za ziwa wala za Stanley.

"Mwenzio analala wapi?"

"Kitandani. Kapandisha kitanda cha watu kwa tofali, kashakuwa fundi."

"Anakoroma?"

"Jana sisi wengine hatukulala."

"Mwache akorome," akasema dada. "Na hizo tofali mwambie Mbagala ziko nyingi, asije akazibeba kwenye treni."